Bastola ya Shabaha ya .22: Pointi Zinapotelea Wapi

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo mezani tuna bastola ya shabaha, ile inayokula risasi ndogo ya .22 Long Rifle. Kaka Baraka, tuanze na risasi au na chuma?

BARAKA: Na risasi, dada Zuhura, maana bastola nzima imejengwa kwa kuifuata. Ni risasi ya tangu 1887. Kichwa kina uzito wa kama gramu 2.6, kipenyo karibu milimita 5.6. Dawa ya kuwashia haikai katikati ya kitako kama kwenye risasi kubwa. Imetandazwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako. Pini inapopiga inaubana ukingo huo kwenye mdomo wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, dawa inawaka.

ZUHURA: Kwa hiyo ganda lazima liwe jembamba, ukingo ubonyee kirahisi. Na ganda jembamba halivumilii shinikizo kubwa.

BARAKA: Ndiyo hapo. Shinikizo likiwa dogo, huhitaji komeo la kuifunga bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba. Bolti inakaa nyuma ya ganda kwa uzito wake na springi, basi. Ni nzito mara nyingi kuliko kichwa cha risasi, kwa hiyo ganda linapoisukuma inachelewa kuondoka, na hadi ifunguke vya kutosha kichwa kimeshatoka mtutuni. Mtutu wenyewe umekazwa kwenye fremu, hausogei. Hilo ni zuri sana kwa shabaha.

ZUHURA: Lakini lina masharti. Springi imepimwa kwa risasi ya mwendo wa kawaida, ile inayobaki chini ya mwendo wa sauti, yaani chini ya kama mita 340 kwa sekunde. Mtu akitia za mwendo mkali, bolti inagonga nyuma kwa nguvu ambayo haikukusudiwa. Mwanzo huoni kitu, baadaye kizuizi cha nyuma kinachakaa, hata fremu inaweza kupasuka. Na hapati faida yoyote kwenye karatasi.

BARAKA: Hapati. Sasa niseme jambo ambalo wanunuzi wengi hawapendi kulisikia: mtutu si tatizo lako. Funga bastola nzuri ya shabaha kwenye jiliwa, ipe risasi inayoelewana nayo, na kwa mita 25 matundu yote yatakaa ndani ya duara la katikati, lile la pointi 10. Duara hilo kwenye shabaha ya usahihi ya mita 25 lina upana wa milimita 50.

ZUHURA: Kwa hiyo anayepata 7 na 8 hajaibiwa na mtutu.

BARAKA: Ameibiwa na saiti, yaani vya kulengea, na kitriga, yaani cha kufyatulia. Chukua saiti kwanza. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinaruhusu umbali usiozidi milimita 220 kati ya saiti ya mbele na ya nyuma. Gawa mita 25 kwa milimita 220, unapata karibu 114. Maana yake kosa lolote kwenye mpangilio wa saiti linazidishwa mara 114 likifika kwenye karatasi.

ZUHURA: Weka mfano wa kushikika.

BARAKA: Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa takriban milimita 0.1. Kijiti cha saiti ya mbele kikihama kwenye pengo la nyuma kwa unene huo, tundu linahama milimita 11. Karatasi mbili, karibu milimita 23. Na kutoka duara moja hadi jingine ni milimita 25! Sasa linganisha: mkono mzima ukiyumba milimita 10 huku kijiti kimetulia katikati ya pengo, tundu linahama milimita hizo hizo 10.

ZUHURA: Kwa hiyo jicho linabaki kwenye kijiti cha mbele. Kionekane kikali kama kimechongwa sasa hivi, na duara jeusi lififie. Wanaoanza wanafanya kinyume: wanalikodolea macho duara jeusi, kijiti kinakuwa ukungu, halafu wanashangaa matundu yametapakaa.

BARAKA: Na wanalenga katikati kabisa, ambako kijiti cheusi kinamezwa na weusi wa shabaha. Lenga chini ya duara, acha utepe mweupe kati ya kijiti na weusi, kisha uipandishe saiti ya nyuma mpaka matundu yaingie katikati. Utepe hauhitaji kuwa na upana ule ule kila mara. Ukikosea kidogo, kosa hilo halizidishwi.

ZUHURA: Twende kwenye kitriga, hapo ndipo kwenye kesi.

BARAKA: Kwa bastola ya mita 25 kanuni inadai kitriga kisichopungua gramu 1000. Kinapimwa kwa jiwe la uzani: mtutu unatazama juu, ndoano inawekwa katikati ya kitriga, unalinyanyua jiwe kutoka mezani polepole. Nyundo, kile chuma kinachoipiga pini, ikianguka kabla jiwe halijaachana na meza, umefeli.

ZUHURA: Na watu wanaweka 1000 kamili ili wajisikie mabingwa.

BARAKA: Halafu joto linabadilika, mafuta yanakauka au springi inalegea, wanafeli asubuhi ya mashindano. Weka 1030 au 1050, ulale usingizi. Kikubwa zaidi ni namna ulivyougawa uzito huo. Kitriga cha hatua mbili kinaweza kubeba gramu 750 au 800 kwenye hatua ya kwanza, ile ya kuvuta mpaka ukutani, na zilizobaki kwenye hatua ya pili. Kidole kinafika ukutani kikiwa tayari kimebeba robo tatu ya mzigo. Kinachobaki ni kuongeza kidogo kidogo, bila kuamrisha.

ZUHURA: Na skrubu ya kishikilia nyundo? Hapo mafundi wa nyumbani wanaharibu mno.

BARAKA: Wanapunguza mshiko mpaka nyundo inaning'inia kwa ncha ya chuma. Kitriga kinakuwa kitamu, kweli, lakini bolti ikijifunga kwa kishindo nyundo inaweza kujiachia yenyewe. Bastola inapiga mara mbili kwa mvuto mmoja, au zaidi. Kila ukigusa skrubu hiyo, jaribu ikiwa tupu: weka kitriga tayari, vuta bolti hadi mwisho uiachie ijifunge yenyewe, mara kumi. Nyundo ikianguka hata mara moja, rudisha mshiko. Hapa hakuna majadiliano.

ZUHURA: Kuna na ile skrubu ya kusimamisha kitriga baada ya kufyatua.

BARAKA: Ikiwa mbali sana, kidole kinatumbukia nyuma baada ya nyundo kuachiwa na kinaupiga teke mtutu. Ikiwa karibu sana, kishikilia kinasugua nyundo ikipita, nyundo inachoka njiani, pini inapiga kilegevu. Ikaze mpaka nyundo ishindwe kuanguka, kisha ilegeze nusu mzunguko hivi.

ZUHURA: Kishikio sasa. Ule mti wenye mabonde na rafu chini ya kiganja si urembo.

BARAKA: Si urembo. Rafu inazuia mkono usishuke. Ila kanuni zinasema haiwezi kukunjwa juu kuukumbatia mkono. Pembe yake na kishikio isipungue nyuzi 90, na kifundo cha mkono kibaki huru. Kipimo cha kishikio ni rahisi: bastola tupu, shika, nyanyua kuelekea shabaha, funga macho, shusha, nyanyua tena, fungua. Kijiti kikiwa katikati ya pengo kila mara, kishikio ni chako. Kikiegemea upande mmoja kila mara, usiiguse saiti. Sugua mti kwa msasa pale panapokusukuma, jaza kwa mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi pale penye uwazi.

ZUHURA: Kidogo kidogo jamani. Mti uliokwisha kuondoka haurudi.

BARAKA: Na hapa ndipo unaelewa kwa nini bastola kama Walther GSP na Pardini SP zimeweka magazini, kasha la risasi, mbele ya kitriga. Kwenye Hämmerli 208 au Smith & Wesson Model 41 magazini inapita ndani ya kishikio, kwa hiyo mti lazima ulizunguke bomba lile. Ikihamia mbele, fundi anachonga atakavyo, na uzito unasogea mbele pia, unatuliza mtutu. Wengine pia huushusha mtutu ukae karibu na usawa wa mkono, ili usiruke sana. Kwenye mchezo wa risasi 5 kwa sekunde 4, shabaha tano tofauti, hilo ni kubwa. Kwenye risasi za polepole, si sana.

ZUHURA: Tufike kwenye kukwama. Risasi haikulia. Tunafanya nini?

BARAKA: Mtutu unabaki unatazama shabaha, kidole nje, hesabu sekunde 30. Dawa inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Ukishaitoa, tazama ukingo. Alama ya pini ikiwa hafifu, tatizo liko kwenye bastola: mafuta yameganda kwenye njia ya pini, au springi imechoka, au bolti haikufunga mpaka mwisho. Alama ikiwa na kina cha kutosha na haikulia, dawa haikuenea sehemu ile ya ukingo, na kosa ni la kiwanda cha risasi. Alama moja tu inakwambia umlaumu nani.

ZUHURA: Napenda hiyo. Na ganda linalobanwa limesimama wima mlangoni?

BARAKA: Bolti haikurudi nyuma vya kutosha. Risasi dhaifu, chemba chafu, springi ngumu mno, ndoano ya kuvuta ganda imemeguka, au kifundo cha mkono kimelegea kikanywa nguvu ya bolti. Anza na uchafu. Risasi hizi zimepakwa nta kwa nje, na nta pamoja na masizi hujenga pete ngumu mdomoni mwa chemba.

ZUHURA: Magazini nayo usiisahau. Ukingo wa risasi ya juu ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukikaa nyuma yake zinashikana, na bolti inasukuma ukuta.

BARAKA: Kubwa kuliko yote ni mlio wa "puf". Usivute tena! Kichwa kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na risasi ya pili ikigonga nyuma yake mtutu unavimba. Toa kila kitu, tazama ndani kwa mwanga kutoka upande wa chemba.

ZUHURA: Mazoezi makavu, bila risasi?

BARAKA: Ni mazuri, ila si kwa kupiga pini kwenye chemba tupu. Pini ikikosa ukingo wa kubonyeza, kwenye bastola nyingi inatua kwenye chuma cha mdomo wa chemba. Polepole inachimba kinundu, kisha risasi zinakataa kuingia vizuri. Tumia risasi bandia, au zile bastola zenye kitriga cha mazoezi kinachobofya bila kuachia nyundo.

ZUHURA: Usafi wa mtutu wengi wanazidisha.

BARAKA: Chemba, uso wa bolti na ndoano, kila baada ya risasi 300 hadi 500. Mtutu mara chache zaidi, na upitishie kitambaa kutoka upande wa chemba kama bastola inaruhusu. Ukishausafisha mpaka uchi, matundu ya kwanza huzurura hadi nta itandae tena, kwa hiyo piga risasi 5 mpaka 10 kabla ya kurekebisha saiti. Mafuta yawe tone tu kwenye reli. Kwenye njia ya pini, pakavu.

ZUHURA: Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula. Kichwa cha risasi ni madini ya risasi kweli kweli, jina halidanganyi.

BARAKA: Ukimaliza kupiga, toa magazini kwanza, ndipo uvute bolti. Wapo wanaogeuza: wanavuta bolti, ganda linatoka, wanaiachia, kisha wanatoa magazini na kujiona salama. Bolti ilipokuwa inarudi imeshachukua risasi mpya na kuiingiza chemba.

ZUHURA: Basi magazini nje, bolti nyuma ikashikwa hapo, jicho ndani ya chemba, kisha kibendera cha rangi kali kiingie chemba mpaka kionekane kwa nje.

BARAKA: Ndipo uiweke mezani, mtutu ukitazama shabaha. Na mtu akiwa mbele kule anabadilisha karatasi, usiiguse hata kwa kurekebisha saiti.