Kilainishi cha Baridi Kali na Joto Kali

Mabibi na mabwana, habari za mchana. Nashukuru kwa nafasi hii. Nitasema nanyi juu ya kutunga vilainishi vya mashine zinazofanya kazi kwenye baridi kali au joto kali, na hasa zile zinazopitia hali zote mbili. Hizo ndizo zinazotutoa jasho.

Watu wengi wakija kwangu huuliza kwanza kuhusu viongezi: nitie nini ili mafuta yasigande, nitie nini yasiungue? Swali hilo linakuja mapema mno. Katika mafuta ya gia za viwandani, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya kilichomo ni mafuta ya msingi. Ukikosea hapo, viongezi vitakusaidia kidogo tu, na kila kimoja kitakudai malipo upande mwingine.

Tuanze na mnato, yaani jinsi mafuta yanavyokuwa mazito na kukataa kutiririka, kwa sababu ndio unaoamua unene wa utando unaotenganisha chuma na chuma. Kwenye beringi utando huo mara nyingi haufiki hata mikroni 1. Sasa, pipa limeandikwa ISO VG 220. Namba hiyo inahusu nyuzi 40 za Selsiasi peke yake: hapo mnato ni sentistoki 220 (sentistoki ndicho kizio cha mnato), kwa kupungua au kuzidi asilimia 10. Yakiwa mafuta ya madini ya kawaida, ukiyapasha hadi nyuzi 100 yanabaki na sentistoki kama 19. Ukiyashusha hadi sifuri, yanapanda hadi elfu kadhaa. Ni mafuta yaleyale, pipa lilelile.

Mwaka 1929 watafiti Dean na Davis waliweka fahirisi ya kupima mabadiliko hayo. Mafuta ya Pennsylvania, yaliyobadilika kidogo kwa wakati ule, yakapewa 100. Ya pwani ya Ghuba ya Mexico, yaliyobadilika sana, yakapewa 0. Leo mafuta mengi ya sintetiki yanapita 130 bila taabu. Unaweza kuipandisha fahirisi kwa kutia polima, lakini meno ya gia hukatakata minyororo mirefu ya polima, na baada ya muda mnato ulioununua haupo tena. Mimi kwenye giaboksi yenye mzigo mzito sipendi kuutegemea.

Sasa baridi. Mafuta ya madini yana nta, na nta ikipoa hufanya fuwele zinazoshikana na kuyafunga mafuta ndani yake. Ngoja niwaeleze kipimo chake, maana ni rahisi na watu hukielewa vibaya. Mafuta yanatiwa kwenye chupa ya kioo na kupozwa polepole. Kila yakishuka nyuzi 3, chupa inainamishwa kuangalia kama uso wa mafuta unasogea. Siku usiposogea, chupa ikiwa imelazwa kabisa kwa sekunde 5, unaandika joto hilo, unaongeza 3, basi hicho ndicho kiwango cha kumiminika. Kuna viongezi vinavyokishusha. Nta haiondoki, ila fuwele zake hubadilishwa umbo zisishikane.

Lakini tazameni: kipimo kinasema mafuta yamesogea ndani ya chupa. Hakisemi pampu itayavuta. Mashine nyingi hukauka wakati wa kuwashwa kabla mafuta hayajafikia kiwango hicho. Kwa hiyo dai mnato uliopimwa kwenye joto lenyewe la kuwashia mashine. Karatasi ya bidhaa isiyotoa namba hiyo mimi huiweka pembeni.

Polialfaolefini, yaani PAO, ni mafuta ya sintetiki yasiyo na nta. Ile nyepesi ya sentistoki 6 kwa nyuzi 100 bado inamiminika chini ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Ila nayo ina kasoro zake: haiyeyushi viongezi vizuri, na husinyaza sili za mpira, mafuta yakaanza kuvuja. Dawa ni kuchanganya na esta, aina nyingine ya mafuta ya sintetiki, mara nyingi asilimia 10 hadi 20. Esta huyeyusha viongezi na kuvimbisha sili kiasi cha kufidia. Kisha esta nayo, maji yakiingia, huvunjika na kutoa asidi. Mnaona deni linavyohamishwa tu?

Tupande kwenye joto. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila ukiongeza nyuzi 10, kasi ya mafuta kuungana na oksijeni inakuwa maradufu. Tunatia vizuia-oksidisho vya aina mbili, fenoli na amini, kwa kuwa vikiwa pamoja hudumu kuliko kila kimoja peke yake, na amini ndiyo inayovumilia joto la juu zaidi. Kwa minyororo ya tanuri inayopita nyuzi 200, esta ndiyo chaguo langu la kwanza. Hapo msiangalie uvukizi peke yake. Tieni gramu chache kwenye kisahani cha alumini, wekeni kwenye oveni kwenye joto la kazi, kisha mguse kilichobaki kikipoa. Kikiwa laini, mafuta mapya yatakilainisha na kukisukuma nje. Kikiwa kigumu kama rangi ya mlango, kitafunga pini za mnyororo, na kadiri unavyoongeza mafuta ndivyo unavyoongeza gundi.

Grisi ina mtego wake. Ile ya udongo wa bentonaiti haiyeyuki kwa joto, basi wauzaji huisifu kwa hilo. Udongo haujayeyuka, sawa, lakini mafuta yaliyomo ndani yanachacha kama mengine yoyote.

Karibu na nyuzi 250 tunahamia mafuta ya PFPE, ya kaboni, florini na oksijeni bila haidrojeni. Hayaungui, lakini ni ghali mno, na hayachanganyiki na grisi ya zamani, kwa hiyo beringi lazima isafishwe kabisa kwanza.

Juu zaidi ya hapo zinabaki poda. Grafiti huteleza kwa msaada wa mvuke wa maji ulio hewani. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege zilipoanza kuruka juu sana kwenye hewa kavu, brashi za kaboni za jenereta zake, zinazotegemea grafiti kuteleza, zilisagika upesi ajabu. Molibdeni disalfaidi ni kinyume chake: hupenda ombwe, yaani pasipo hewa, na ukavu, lakini penye hewa huanza kuharibika kwenye nyuzi 350 hadi 400. Kwa hiyo mnyororo wa tanuri lenye hewa upewe grafiti, na beringi iliyo ndani ya chemba isiyo na hewa ipewe molibdeni. Karibuni kwa maswali.