Ubeti Mmoja, Fremu Mia Tano

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mliosimama mlangoni, huku mbele kuna viti, wala siumi.

Kazi ya muhula mmeshaisoma: kila kundi lichague shairi la Kiswahili, liligeuze kuwa filamu fupi isiyozidi dakika mbili. Najua kitakachokuja, maana huja kila mwaka. Shairi likitaja ndege, nitaletewa ndege. Likitaja machozi, nitaletewa jicho la msichana na tone la gliserini. Mtazamaji amesikia ndege, kisha kaonyeshwa ndege. Kaambiwa jambo lile lile mara mbili, na mara ya pili kaambiwa na mtu ambaye si mshairi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wenu mnaogopa ushairi lakini hesabu hamwogopi. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne kwa kila ubeti, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16: nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Ubeti mzima ni mizani 64. Mghani asiye na haraka, tuseme anatoa mizani tatu kwa sekunde. Ubeti unachukua sekunde 21 na kidogo. Kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda filamu, hizo ni fremu zaidi ya 500. Wanaotaka kuchora kwa mkono, hata kama kila mchoro utakaa fremu mbili, wajiandae kwa michoro 260 na ushei kwa ubeti mmoja tu. Mnacheka? Ndiyo maana nasema beti tatu zinatosha.

Lakini tazameni hiyo hesabu imewapa nini. Katikati ya mshororo pana kituo, pumziko la sauti. Mwisho wa mshororo pana kingine, kirefu kidogo. Mshairi ameshawapangia mahali pa kukata picha. Si lazima mkate kila kituo, mtatuumiza macho. Ila mkikata katikati ya kipande, muwe na sababu.

Kuna njia ya kinyume pia. Mwaka 1936 kitengo cha filamu cha posta ya Uingereza kilitengeneza filamu ya treni ya usiku inayopeleka barua Scotland, Night Mail. Mshairi W. H. Auden aliandika shairi la sehemu ya mwisho, Benjamin Britten akatunga muziki, na mapigo ya mishororo yakafuata magurudumu ya treni. Mishororo ambayo haikuingia iliachwa. Auden alikuwepo, aliweza kupunguza. Nyinyi mnaofanyia kazi mtunzi aliyekwisha kufariki hamna ruhusa hiyo. Chagueni beti mnazotaka, lakini ndani ya ubeti msiguse mizani hata moja. Na mtunzi akiwa hai, mtafuteni mumwombe idhini kabla hamjawasha kamera.

Sasa mfano, nao nitakaa nao. Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mapema karne ya 19. Mshairi anauonya moyo wake mwenyewe, na ushahidi anaoutoa ni mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, uliokuwa tajiri na sasa ni magofu. Nyumba zilizowaka taa usiku ukawa kama mchana. Vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za thamani, leo wamelala makinda ya ndege. Bundi anakoroma ndani.

Kundi la kwanza litaniambia: mwalimu, tunakwenda Kunduchi, au Kaole pale Bagamoyo, tunapiga picha magofu. Kunduchi makaburi yake yana nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina, kwa hiyo hata sahani zimepatikana! Naelewa kishawishi hicho. Picha zitakuwa nzuri na filamu itakuwa imekufa, kwa sababu gofu linaonyesha mwisho tu, na shairi hili nguvu yake iko katika umbali kati ya taa zile na bundi huyu. Anayetazama gofu tangu sekunde ya kwanza hapotezi kitu.

Mimi ningebaki sebuleni. Nyumba ya leo, ya Sinza au Mbezi, yenye kabati la vioo la vyombo vya wageni, vile ambavyo mama haruhusu mtu avitumie. Kamera haisogei. Watu wanapita, wanaangalia simu, watoto wanakua. Katika Al-Inkishafi mishororo mitatu ya kila ubeti ina kina kimoja, yaani inaishia kwa silabi ile ile, na wa nne hurudi kwenye kina kile kile cha -ye kutoka ubeti hadi ubeti. Hapo ndipo ningerudi kabatini: kila ikifika -ye, tunaliona kabati, na sahani moja haipo. Hakuna anayeuliza imekwenda wapi. Gofu silionyeshi kabisa, bundi simleti. Sauti inamtaja, yatosha.

Wenye shairi la kibwagizo mnayo nafasi hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwa kuwa mshororo mzima unarudi. Msinakili tu faili ya shoti ya kwanza mkaibandika tena. Maneno yamebaki vile vile, kwa hiyo kinachobadilika lazima kiwe kwenye picha.

Jambo jingine: Al-Inkishafi ni ushairi wa mtu na moyo wake. Usimwonyeshe mghani akitazama kamera kama msoma taarifa ya habari. Sauti isiwe na uso.

Maandishi kwenye kioo, haraka haraka. Maneno yetu ni marefu. Mkilazimika kulikata neno, likateni kwenye silabi. Herufi zisirukeruke kwa sababu tu programu inaweza kuzirusha. Na mkitumia hati za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kamera ipite kulia kwenda kushoto. Mwaka jana niliona moja imepita kinyume, na msomaji mmoja ukumbini alishika kichwa.

Sauti ndiyo inayoangusha makundi mengi. Simu inatosha, maikrofoni ya bei si lazima. Zimeni feni. Ingieni chumba chenye nguo nyingi, tundikeni mablanketi, na msirekodi mvua inapopiga mabati. Kwa shairi la Kiamu tafuteni mghani anayekijua; kuigiza lafudhi ya Lamu mkiwa Ubungo kutawaaibisha.

Kwa hiyo Alhamisi sitaki storibodi, ile michoro ya kupanga shoti, wala picha hata moja. Kila kundi lije na sauti tu, beti tatu zilizoghaniwa, pamoja na karatasi iliyoandikwa sekunde ya kila kituo. Tutazima taa tusikilize. Kundi ambalo sauti yake haijasimama halitachukua kamera stoo.

Maswali? Wewe uliye nyuma, naona mkono umenyanyuka tangu nilipotaja makabati.