Kuipa simu ya ofisini anwani ya IP isiyohama: Yealink T31P hatua kwa hatua

Karibuni. Leo tunafunga simu ya mezani inayotumia intaneti, Yealink T31P, na nitashughulika na upande wa mtandao tu: kebo, anwani ya IP (namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao), na ile mipangilio ya rauta inayofanya simu iite vizuri halafu mkipokea hamsikilizani. Jina la akaunti na nenosiri lake utapewa na anayekuuzia huduma.

Tuanze nyuma ya simu. Naigeuza uone. Kuna matundu mawili yanayofanana. Lililoandikwa "Internet" ndilo linalopokea kebo kutoka kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kebo. La "PC" ni la kuipitishia kompyuta mtandao, kama mezani kuna kebo moja tu. Ukichomeka kebo ya swichi ya PoE (inayopitisha umeme kwenye kebo ileile ya mtandao) kwenye "PC", simu haiwaki, kwa sababu umeme hauingilii huko. Jambo jingine: matundu yote mawili ya T31P mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde. Mhasibu hataona tofauti, lakini anayehamisha video kila siku mvutie kebo yake.

Kama swichi yako ni ya PoE, huna haja ya adapta. Kama siyo, tumia adapta ya simu yenyewe, ya volti 5. Naona watu wanaokota adapta ya rauta iliyolala kwenye droo, na nyingi za hizo ni volti 12. Usijaribu. Mimi napendelea PoE kwa sababu ya umeme wetu: ukiweka swichi na rauta kwenye UPS moja (betri ya akiba), simu zote zinaendelea kuwaka umeme ukikatika.

Simu imewaka. Bonyeza kitufe cha OK, kioo kitakuonyesha anwani ya IP. Hapa inasoma 192.168.1.137, maana yake rauta imeipa anwani kwa DHCP, yaani imejigawia yenyewe bila mtu kuiandika. Ikisoma sufuri tupu, angalia kebo kwanza kabla ya kugusa mpangilio wowote. Shuka chini kidogo uone MAC, namba ya kipekee ya kifaa chenyewe, herufi na tarakimu 12. Iandike, au ipige picha kwenye kibandiko kilicho nyuma.

Sasa, mafundi wengi wangeingia kwenye simu na kuiandikia IP kwa mkono. Ushauri wangu ni tofauti: iache simu kwenye DHCP, kisha kaifungie anwani kwenye rauta. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta sehemu ya DHCP, halafu sehemu ya kuhifadhi anwani. Weka ile MAC, ipe 192.168.1.51, hifadhi, kisha zima simu na uwashe. Simu ya pili itakuwa 52, ya tatu 53. Faida yake utaiona siku mnapobadilisha kampuni ya intaneti na rauta mpya inakuja na 192.168.0: unapanga upya mahali pamoja, badala ya kuzunguka meza kwa meza ukibonyeza vitufe vidogo.

Kama rauta huna ruhusa nayo, basi fanya kwa mkono. Bonyeza "Menu", nenda "Settings", kisha "Advanced Settings". Itataka nenosiri, la kiwandani ni admin. Ingia "Network", halafu "WAN Port", chagua IPv4 na aina ya "Static IP". Jaza anwani, sabneti maski ambayo kwa ofisi ndogo huwa 255.255.255.0, getiwei ambayo ni anwani ya rauta, na DNS. DNS usiiruke. Simu hutafuta seva ya anayekuuzia huduma kwa jina, DNS ndiyo hugeuza jina kuwa anwani ya IP, na bila DNS utapata IP safi kabisa lakini akaunti haijisajili. Na hiyo anwani uichague nje ya zile ambazo DHCP inagawa, la sivyo siku moja simu ya mgeni itapewa IP hiyohiyo na hutajua kwa nini simu ya mapokezi inakatikakatika.

Yaliyobaki ni rahisi kwenye kompyuta. Andika IP ya simu kwenye brauza. Ikikuonya kuhusu cheti, endelea, hiyo ni simu yako mwenyewe. Jina admin, nenosiri admin, na jambo la kwanza ubadilishe nenosiri. Sifanyi mzaha hapa: wezi hutafuta simu na seva zilizoachwa wazi ili wapige namba za nje ya nchi, na bili inakujia wewe. Kwa sababu hiyohiyo usifungue poti 5060, mlango wa mawasiliano ya simu hizi, kutoka intaneti kuja kwenye simu.

Kisha saa. Simu hizi hutoka kiwandani zikiwa +8, saa za China, kwa hiyo kioo kinatangulia saa tano mbele yetu. Weka +3.

VLAN ya sauti, yaani mtandao wa simu uliotengwa ndani ya swichi ileile: kama ofisi ina simu nne, iruke. Kama ni ghorofa nzima, mwombe msimamizi wa swichi awashe LLDP, simu itaambiwa VLAN yake yenyewe. Ukiandika namba ya VLAN kwa mkono ukakosea, simu inapotea mtandaoni. Dawa yake ni kushikilia OK kwa sekunde 10 hadi ikuulize kama unataka kuirudisha kiwandani, ila itafuta na akaunti.

Kasi isikutishe. Simu moja kwa kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Simu 10 kwa pamoja hazifiki megabiti moja kila upande. Kinachoharibu sauti ni mtu anayepakia mafaili wakati huohuo, kwa hiyo kwenye rauta ipe sauti kipaumbele.

Ukiwa bado kwenye rauta, tafuta SIP ALG na uizime. Ni kipengele cha rauta kinachorekebisha ujumbe wa SIP, lugha ambayo simu na seva huzungumza. Ilibuniwa kusaidia, lakini rauta nyingi huvuruga ujumbe wa SIP unapopita.

Jaribu sasa. Piga namba ya nje, siyo ya chumba cha pili, na mzungumze kwa dakika nzima. Sauti ikienda upande mmoja tu, tazama NAT (rauta inavyobadilisha anwani za ndani kuwa ya nje) na fayawoli (kinga inayozuia mawasiliano kuingia). Simu ikikatika kila mara kwenye sekunde ya 32 hivi, seva imesubiri uthibitisho kuwa simu imepokelewa na haikuupata; rudi kwenye ile SIP ALG uhakikishe imezimwa kweli, kisha uiwashe rauta upya.