Mfungwa na Faili Lake: Uasi katika Riwaya za Kifungo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni mliofika jioni hii,

Sisi tuliokulia Dodoma tulilisikia jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kabla hatujajua kuandika majina yetu. Mtoto aliyekataa kutumwa, aliyecheka peke yake au aliyembishia mkubwa aliambiwa kwamba atapelekwa Mirembe, na kwa kuwa hospitali ile ipo mjini hapa tangu mwaka 1927, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya tishio hilo. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba ndani yake mlikuwa na jambo ambalo riwaya za kifungo zimelishughulikia kuliko maandishi mengine yoyote ninayoyajua. Tulikuwa tunafundishwa kwamba kubisha ni dalili. Aliyebisha hakuwa na hoja ya kujibiwa, alikuwa na maradhi ya kutibiwa, na tiba yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta.

Siizungumzii hospitali hiyo kwa kuilaumu. Watu wengi wamepata nafuu humo, na wauguzi wake wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa mitaani. Ninazungumzia namna riwaya inavyomwonyesha mtu aliye chini ya mamlaka inayomlisha, inayomhesabu, inayomfungia mlango na, zaidi ya yote, inayoandika habari zake katika faili ambalo yeye mwenyewe halisomi.

Mwaka 1961 mwanasosholojia Erving Goffman, aliyekuwa amefanya utafiti wa takriban mwaka mmoja katika hospitali ya magonjwa ya akili ya St. Elizabeths mjini Washington, alichapisha kitabu kilicholiweka gereza, hospitali ya namna hiyo, kambi ya jeshi na nyumba ya watawa katika kundi moja: mahali ambapo mtu hulala, hufanya kazi na hupumzika chini ya mamlaka moja na kwa ratiba moja. Katika yote aliyoyaandika, lililonishika mimi ni hili, kwamba mgonjwa anapolalamikia wodi, malalamiko yake hurudishwa kwake yakiwa sehemu ya maelezo ya ugonjwa wake. Hapo uasi wa kawaida hauna pa kupenya, maana kila tendo la kukataa linakuwa ushahidi kwamba waliomfunga hawakukosea.

Mwaka uliofuata, 1962, zilitoka riwaya mbili za kifungo katika nchi mbili zilizokuwa mahasimu wakubwa. Kwa Marekani ilikuwa One Flew Over the Cuckoo's Nest ya Ken Kesey, na kwa Umoja wa Kisovieti ilikuwa riwaya fupi ya Aleksandr Solzhenitsyn kuhusu siku moja ya mfungwa Ivan Denisovich Shukhov. Mwaka huohuo Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Sitaki kuubebesha mwaka mmoja maana usiyoimudu, ila nataka tukumbuke kwamba swali la kifungo halikuwa la ugenini kwetu hata wakati huo.

Nitakaa kidogo kwa Kesey, kwa sababu kuna tukio moja katika riwaya yake ambalo nalihesabu kuwa somo kamili la mamlaka ya taasisi. Randle McMurphy, aliyeletwa katika wodi ya hospitali ya magonjwa ya akili kutoka shamba la wafungwa, anaomba wagonjwa waruhusiwe kutazama fainali za besiboli kwenye televisheni, mchana, nje ya saa iliyopangwa. Muuguzi Ratched, anayeisimamia wodi hiyo, hampigi wala hampazii sauti. Anakubali ipigwe kura. Mikono 20 inainuliwa, yaani mikono ya wote wanaoweza kuyafuata mazungumzo, na Muuguzi anaeleza kwa utulivu kwamba wodi ina wagonjwa 40, kwa hiyo 20 hawajawa wengi. Wale wasiojua hata wanaulizwa nini wamehesabiwa kuwa wamekataa. McMurphy anawaendea hao mmoja mmoja, akibembeleza, hadi anamfikia Chief Bromden, Mmarekani wa asili mwenye mwili mkubwa ambaye kwa miaka mingi amejifanya bubu na kiziwi. Bromden anainua mkono. Ni kura ya 21. Muuguzi anajibu kwamba kikao kimekwisha kufungwa.

Tazameni kwamba hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Kura ilipigwa, hesabu ilifanywa, kikao kilifungwa na mwenye haki ya kukifunga. Nani kati yetu hajawahi kuketi katika kikao cha namna hiyo? Nguvu ya Muuguzi haitoki kwenye rungu, inatoka kwenye utaratibu, na anayepigana na utaratibu huonekana mkorofi hata mbele ya wenzake anaowapigania. Saa ya mchezo ilipofika McMurphy aliwasha televisheni, Muuguzi akakata umeme kutoka katika chumba chake cha vioo, naye McMurphy akaendelea kuketi akikitazama kioo kilichozimika. Wenzake wakaacha kazi walizopangiwa, wakaja mmoja mmoja kuketi naye. Watu wazima wanatazama kioo kisichoonyesha chochote, na kwa mara ya kwanza wodi ile haina lugha ya kulielezea jambo hilo isipokuwa kuliita wazimu.

Baadaye McMurphy anagundua jambo lililomshtua kuliko yote: wengi wa wenzake waliingia kwa hiari yao na wangeweza kuondoka wakitaka. Neno hili hiari ndilo linalonisumbua kila ninapoirudia riwaya hii, kwa kuwa linaonyesha kwamba mtu akiisha kuyaamini maelezo ya faili lake, kufuli halina kazi tena.

Kwa Solzhenitsyn uasi ni mdogo kiasi kwamba msomaji mwenye haraka anaupita. Shukhov hampingi askari yeyote. Anavua kofia anapokula hata baridi iwe kali namna gani, na ndani ya buti anaficha kijiko cha alumini alichokitengeneza mwenyewe. Wapo wanaosema huo si uasi, ni kuvumilia tu. Nakataa. Kambi imempa namba mahali pa jina, imempangia chakula, saa ya kuamka na ya kuhesabiwa, lakini namna ya kuketi mbele ya bakuli lake ameipanga yeye.

Sasa tuje nyumbani. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, hakuna askari wala muuguzi. Taasisi ni nyumba, na bwana wa nyumba hiyo, Maksuudi, amewafungia ndani mkewe na binti yake Maimuna kwa jina la heshima. Maimuna anapotoroka, dunia inampokea kwa ukatili naye anaporomoka, na ni rahisi kwa msomaji kusema kwamba baba alikuwa na sababu. Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wasimame na kutafakari. Aliyemnyima mtoto maarifa ya kuishi nje hawezi kuyatumia majanga ya nje kuthibitisha kwamba ukuta ulihitajika.

Katika Haini ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 2003, tunarudi gerezani kabisa, Zanzibar, katika kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume mwaka 1972. Hamza na wenzake wanateswa ili wakiri. Mwenye bunduki ana mwili wa mfungwa tayari mikononi mwake, na bado anahangaika usiku kucha kwa ajili ya maneno. Anayataka kwa sababu bila maneno hayo faili lake lina tundu. Abdilatif Abdalla, ambaye si mtunzi wa riwaya lakini siwezi kumpita kimya, aliujua ugomvi huu wa maneno kwa uzoefu wake mwenyewe: akiwa gerezani nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, alitunga mashairi kwa siri na kuyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki.

Narudi kwa Bromden, kwa sababu ndiye anayesimulia riwaya ya Kesey. Watu wote wodini walisema mbele yake bila kujizuia, wakiamini kwamba hasikii, naye akayahifadhi yote. Mimi sijabahatika kusoma riwaya ya Kiswahili inayosimuliwa hivyo, kwa sauti ya mgonjwa aliyelazwa, kuanzia asubuhi anapoamshwa hadi taa zinapozimwa. Mirembe inakaribia kutimiza miaka 100. Miongoni mwenu mliokaa humu wapo waliowahi kubeba chakula kwenda kumtazama ndugu yao, wakaketi naye nje kwenye kivuli, wakamsikiliza akieleza jambo moja kwa utaratibu na kwa ufasaha, kisha wakaondoka bila kuliandika.