Chaja ya Simu ya Baiskeli: Huharibikia Kwenye Maungio

Assalaam alaykum, na karibuni nyote: mafundi wa baiskeli, mafundi wa simu, na vijana mnaosomea umeme hapa Chake Chake.

Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Ndugu zetu wa Unguja wanaupata kwa njia hiyohiyo kutoka upande wa Dar es Salaam, na mnakumbuka yaliyowafika: Mei 2008 umeme ulikatika kwa karibu mwezi mzima, kisha Disemba 2009 ukakatika tena na haukurudi mpaka Machi 2010. Na hata siku waya ukiwa mzima, aliye dagoni, yaani kambi ya wavuvi, au kwenye shamba la mbali na nguzo hana pa kuchomeka simu. Baiskeli anayo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka huohuo wa 2010 Nokia ilitangaza Nairobi chaja ya baiskeli yenye dinamo ya kusugua tairi, iliyoanza kuchaji mwendo ukifika kilomita 6 kwa saa. Vifaa vinavyohitajika vinauzwa madukani. Linalowashinda wengi ni jambo jingine: dinamo nzima, moduli (kibodi kidogo cha umeme) nzima, simu nzima, na bado haichaji. Hitilafu nyingi za chaja hizi zinakaa pale kitu kimoja kinapokutana na kingine, yaani kigurudumu na tairi, dinamo na kepasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi), chaja na simu, waya na fremu. Uhandisi wa mifumo unatutaka tuyaandike maungio hayo na kuyapigia hesabu kabla hatujashika chuma cha kulehemu.

Tunaanza na masharti. "Chaja iwe nzuri" si sharti, maana hakuna kipimo cha kulijua limetimia. Sharti linaandikwa hivi: baiskeli ikienda kilomita 12 kwa saa kwenye tambarare, chaja itoe mkondo usiopungua ampea 0.3. La pili: volti kwenye tundu la USB zikae kati ya 4.75 na 5.25 kwa mwendo wowote unaochaji, hata mteremkoni. La tatu: inyeshewe nusu saa na iendelee kufanya kazi. La nne: fundi wa kijijini aifungue kwa bisibisi moja na spana namba 10. La tano: vifaa vyote pamoja visizidi nusu kilo. Kila sharti lina njia ya kulipima, na lisilopimika lifutwe.

Kwa nini kilomita 12 na kwa nini ampea 0.3? Tupige hesabu ya nishati, na hapa naomba tusiharakishe, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoamua mengine yote.

Dinamo ya kawaida ya baiskeli imeandikwa volti 6, wati 3, na hufika hapo kwenye mwendo wa karibu kilomita 15 kwa saa. Mtu aliyebeba mihogo kwenye keria na kuvipanda vilima vya Pemba haendi hivyo. Kwa kilomita 12 tuhesabu wati 2. Dayodi, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na kipunguza volti zinakula sehemu yake, tunabaki na wati 1.5 hivi, na wati 1.5 kwa volti 5 ni ampea 0.3. Sasa betri. Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, chenye betri ya mAh 1,000 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) kikichajiwa kwa ampea 0.3 kwa saa moja na nusu kinapata mAh 450, karibu nusu ya betri. Simu janja ya mAh 5,000 kwa muda huohuo inapata kama asilimia 9. Kwa hiyo anayeahidi kujaza simu janja kwa safari ya kwenda sokoni anaahidi kisichowezekana, na afadhali mteja aambiwe hivyo kabla hajatoa pesa.

Upande wa miguu, dinamo ya kusugua hupoteza nusu au zaidi ya nguvu inayopewa. Kupata wati 3 mpandaji anatoa wati 6 hadi 8. Mtu wa kawaida anaweza kutoa karibu wati 75 kwa muda mrefu, kwa hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwenye tambarare haimsumbui. Kwenye mlima na gunia nyuma inamsumbua, ndiyo maana dinamo iwe na kile kitenzo cha kuiondoa kwenye tairi.

Wapo wanaotumia mota ndogo ya umeme iliyong'olewa kwenye printa. Ni rahisi na wakati mwingine ni ya bure. Lakini mhimili wake haukutengenezwa kusukumwa kwa ubavu, brashi zake zinaisha, na ukirudisha baiskeli nyuma chanya inageuka hasi na moduli inakufa papo hapo, isipokuwa uweke dayodi njiani. Tukiweka vigezo mezani, yaani bei, uimara, ulinzi dhidi ya maji na urahisi wa kupata nyingine, kisha kila kigezo tukakipa uzito wake, dinamo ya kusugua inashinda. Ina sifa moja kubwa zaidi: mkondo wake hauzidi sana nusu ampea hata ukikimbia vipi.

Ungio la kwanza, tairi na kigurudumu. Mstari wa mhimili wa dinamo uelekee katikati ya ekseli ya gurudumu. Ukipinda kidogo, kigurudumu kinalila tairi ubavuni na sauti inakuwa kali. Spring ikilegea, siku za masika kigurudumu kinateleza kwenye tope na taa ya chaja inapepesa. Ikikaza mno, tairi linachakaa na miguu inachoka. Kwa kigurudumu cha kipenyo cha milimita 22 na mwendo wa kilomita 12 kwa saa, dinamo inazunguka takriban mara 48 kwa sekunde. Ukiona volti ziko chini sana, angalia utelezi kabla hujalaumu sumaku.

Ungio la pili ni umeme wenyewe. Dinamo inatoa umeme wa kugeukageuka, kwa hiyo unahitaji daraja la dayodi nne. Tumia 1N5819, za aina ya Schottky, ambazo mbili kwa pamoja zinakula chini ya volti moja. Za kawaida za silikoni zinakula 1.4, na kwetu hicho ni kiasi kikubwa. Baada yake weka kepasita ya mikrofaradi 2,200, volti 25, kisha kipunguza volti, yaani moduli ya LM2596, iliyorekebishwa kutoa volti 5 kamili. Irekebishe mezani kwa multimita kabla simu yoyote haijachomekwa.

Hapa ndipo chaja nyingi zinapofia. Simu ikijaa, au mtu akiichomoa, dinamo haina pa kupeleka umeme. Mteremkoni, bila mzigo, volti zake zinapanda mpaka makumi. Kepasita ya volti 25 inavimba, na LM2596, ambayo mwisho wake ni 40, inaungua. Dawa ni dayodi mbili za aina ya Zener za volti 5.1, wati 5 kila moja, zilizofungwa mfululizo, na jozi hiyo iwe sambamba na kepasita. Volti zikifika 10 hivi Zener zinaanza kupitisha mkondo, na kwa kuwa mkondo wa dinamo ni nusu ampea, kila moja inabeba wati 2.6 tu. Ukiweka moja ya volti 10 inabeba wati 5 peke yake, ukingoni kabisa. Acha miguu ya Zener mirefu kama sentimita moja juu ya bodi, kwa sababu joto lake linatoka kupitia miguu.

Ungio la tatu, chaja na simu. Kitochi hupokea kinachopewa. Simu janja inajaribu kuvuta ampea nzima. Kipunguza volti kikikosa nguvu kinaomba mkondo zaidi kutoka kwa dinamo, dinamo haina, volti zinaanguka, simu inajitoa, volti zinapanda, simu inarudi. Kila inaporudi kioo kinawaka. Ukisimama kumpisha ng'ombe ni vilevile. Wengine wanaongeza kepasita wakidhani itashikilia, lakini mikrofaradi 2,200 ikishuka kutoka volti 10 hadi 7 inatoa nishati ya kuendesha chaja chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Simu inaweza kutumia kwa kuwaka kioo zaidi ya ilichopata.

Kwa simu janja, basi, weka seli ya 18650, betri ndogo ya lithiamu ya kuchajiwa, katikati. Moduli ya TP4056 inaijaza, na moduli ya kupandisha volti inatoa 5 kwa simu. Chagua TP4056 yenye ulinzi, ile yenye sehemu sita za kulehemu. Dukani inakuja na rezista ya kiloomu 1.2 inayoipangia kuvuta ampea 1, na kwa mkondo huo dinamo inazama. Ing'oe, weka ya kiloomu 3.9: itavuta ampea 0.3, ileile tuliyoandika kwenye sharti. Rezista moja ndogo, na ndiyo inayoamua chaja ifanye kazi au isifanye.

Njia hii ina gharama. Kujaza seli na kuitoa tena kunapoteza zaidi ya theluthi ya nishati, na seli ya mAh 2,500 inataka zaidi ya saa 8 za kuendesha. Mwenye kitochi hana haja nayo. Mfungie moja kwa moja. Seli za betri za kompyuta mpakato mbovu zinafaa zikipimwa, ila uliyoikuta chini ya volti 2 usiifufue. Na seli isijazwe ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, kwa hiyo kasha lisikae juani juu ya usukani. Chini ya tandiko kuna kivuli.

Ungio la nne watu hulisahau. Kwenye baiskeli nyingi waya wa kurudi ni fremu yenyewe. Mwili wa dinamo ni upande mmoja wa umeme, na umegusa fremu. Sasa ukichukua tundu la USB lenye ganda la chuma ukalifunga kwenye fremu kwa kamba ya chuma, ganda hilo limeungana na hasi ya daraja, na dayodi moja imepigwa shoti. Chaja inaendelea kufanya kazi, kwa nusu ya nguvu, na fundi anatafuta kosa siku nzima. Kasha liwe la plastiki, na dinamo iwe na waya wake wa kurudi, kwa sababu fremu yenye kutu na rangi haiaminiki pia.

Kabla ya kujenga, orodhesha kila kinachoweza kuharibika na ukipe alama tatu za 1 hadi 10: uzito wa madhara, wingi wa kutokea, na ugumu wa kuligundua. Zidisha. Kwa mfano, volti kupanda simu ikichomolewa: 9 mara 4 mara 8, ni 288. Mguu wa kepasita kukatika kwa mtikisiko wa barabara ya mawe: 6 mara 7 mara 6, ni 252. Kigurudumu kuteleza: 4 mara 8 mara 2, ni 64. Utelezi unatokea kila siku lakini unasikika, volti hazisikiki. Unaanzia juu. Kepasita inagandishwa kwa silikoni kwenye bodi. Bodi, ikishapimwa, inapakwa tabaka mbili za rangi ya kucha dhidi ya chumvi ya hewani, isipokuwa sehemu za kugusana. Waya unaingia kasha kwa chini, ukipindwa kitanzi ili maji yadondoke kabla ya kufika.

Kupima kunarudi kwenye masharti, moja baada ya jingine. Geuza baiskeli juu chini, funga kitambaa cheupe kwenye spoki. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 likizunguka mara 16 kwa sekunde 10, hiyo ni kilomita 12 kwa saa. Badala ya simu weka rezista ya omu 15, wati 5. Ikishika volti 4.75 au zaidi, inapata zaidi ya ampea 0.3. Kisha chomoa rezista, zungusha mara 40 kwa sekunde 10, pima kepasita: isipite 11.

Hayo yanathibitisha kwamba tumejenga tulichoandika. Bado hatujui kama tuliandika sawa, na hilo anajua mtumiaji. Chukueni mvuvi: anaiacha baiskeli pwani na kuingia baharini na simu. Anaitaka seli iende naye ngalawani. Kwa hiyo sharti la sita linaongezwa, kasha litoke kwa mkono mmoja, na limezaa ungio jipya, plagi ya pini mbili iliyo wazi kwa maji ya chumvi. Itazame chini, ivalishwe kifuniko cha mpira, na kipimo cha kunyeshewa nusu saa kirudiwe, mara hii kwa maji ya bahari, kasha likiwa limefungwa na likiwa limetolewa.