Kuijua Kazi Kabla ya Kuhitimu

AKINYI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tunarekodi hapa Kisumu, na leo tunawalenga wanafunzi wa Maseno, Masinde Muliro, Egerton na vyuo vikuu vingine vya upande huu, ambao walipangiwa kozi na KUCCPS, shirika la serikali linalowagawa wanafunzi vyuoni, kwa kutegemea alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mfuatano wa machaguo yao, na ambao wengi wao wangali hawajui ni kazi gani hasa inayowangoja. Kaka Wafula, mwanafunzi wa namna hiyo aanzie wapi?

WAFULA: Aanze kwa kutenganisha kozi na kazi, dada. Zipo kozi zinazoelekea mlango mmoja, na mlango huo una bawabu. Anayesomea sheria hawi wakili kwa shahada pekee, bali sharti apitie Kenya School of Law. Anayesomea uhandisi hana budi kuhakikisha kwamba kozi yake inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi. Hayo yaulizwe mapema, si baada ya kuvaa joho. Kozi kama kemia, sosholojia au takwimu hazina mlango mmoja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani kwamba kozi isiyobeba jina la kazi haina kazi.

AKINYI: Huwasikia wakisema, "Mimi nasoma kemia, basi nitafundisha tu." Na hata huo ualimu hawajauulizia, kwa maana mwenye shahada ya sayansi isiyo ya elimu huhitaji stashahada ya uzamili katika elimu ndipo TSC, tume ya walimu, imsajili.

WAFULA: Mwanakemia huyo na aende Olkaria, katika Kaunti ya Nakuru, ambako umeme wa mvuke wa ardhini umekuwa ukizalishwa tangu mwaka 1981. Mvuke ule hutoka kisimani ukiwa na gesi na madini yanayoweza kuziba mabomba au kuyala, kwa hiyo wapo watu ambao kazi yao ni kuchukua sampuli za mvuke na maji na kuzipima maabarani. Hapo hapo utawakuta wanajiolojia, wachomeleaji wa mabomba, na maafisa wanaozungumza na jamii za Wamaasai kuhusu ardhi. Ni wanasosholojia wangapi wanaowazia kwamba mtambo wa umeme unawahitaji?

AKINYI: Hali ni hiyo hiyo katika kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, ambacho wengi hukiona kuwa cha madaktari, ilhali utafiti wa malaria huhitaji pia wanaochunguza mbu, wanaochambua takwimu, na wanaozihoji familia vijijini kwa Kidholuo. Sasa, atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ingetufungulia haya yote, lakini nimeona daftari la kumbukumbu za kazi za wiki kumi na mbili lililojazwa kwa kalamu moja na kwa mkupuo mmoja, usiku wa kuamkia ukaguzi wa mhadhiri!

WAFULA: Mwanafunzi asilaumiwe peke yake, kwa sababu zipo ofisi zinazomtuma fotokopi na chai muda wote huo. Hata hivyo, akiwa humo anaweza kuuliza. Mshahara huulizwa na kila mtu, lakini swali ninaloliona lina manufaa zaidi ni hili: "Jana, tangu ulipofika kazini mpaka ulipoondoka, ulifanya nini?" Mhandisi wa maji huenda akakuambia kwamba asubuhi nzima ilikwisha akibishana na mkandarasi kuhusu malipo, na afisa wa uvuvi kwamba alfajiri alikuwa ufuoni Dunga akipima samaki huku wachuuzi wakimharakisha. Apendaye utulivu wa maabara atajijua papo hapo.

AKINYI: Na asiye na jamaa ofisini?

WAFULA: Kujuana kupo, tusidanganyane. Lakini mkuu wa idara huwajua waliohitimu kabla yako na mahali walipo, na wengi wao hukubali kwa urahisi zaidi kuulizwa maswali kwa nusu saa kuliko kuombwa kazi. Awatafute watatu wanaofanya kazi zisizofanana.

AKINYI: Barua za atachimenti ziandikwe lini?

WAFULA: Kwa anayetarajia kwenda Mei, Januari si mapema mno. Aambatishe barua ya chuo na bima, kisha aitaje idara anayoitaka na sababu yake, kwa maana barua isemayo "idara yoyote" ndiyo humpeleka mtu kwenye fotokopi.