Kufuatilia Tafiti Mpya na Kupanga Makala Zako kwa Zotero

Karibu mtazamaji. Mada yetu ya mfano ni mbu Anopheles stephensi, mwenezaji wa malaria mwenye asili ya Asia, anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya maji mijini. Barani Afrika aligunduliwa kwanza Djibouti mwaka 2012, na sasa yupo Kenya pia. Kwa mada inayokwenda kasi hivi, makala zikufuate wewe.

Fungua Google Scholar kwenye kompyuta. Andika "Anopheles stephensi" ndani ya alama za kunukuu, kisha Kenya nje yake. Ukiziacha alama hizo, maneno yatatafutwa moja moja na utaletewa mbu wa kila aina. Pitia ukurasa wa kwanza. Ukiona matokeo yanafaa, bonyeza ile bahasha iliyo upande wa kushoto, chini, uweke barua pepe yako ili utumiwe taarifa makala mpya zikitoka.

Sasa tafuta makala moja ambayo kila mtafiti wa mada yako huitaja. Chini yake kuna idadi ya makala zilizoinukuu. Bonyeza hapo, halafu bahasha tena. Usiiruke hatua hii. Waandishi hubadilisha istilahi, na utafutaji wa maneno utawakosa, lakini makala ya msingi hawaachi kuinukuu. Taarifa tatu au nne zinatosha. Ukiweka kumi na tano, utaanza kuzifuta bila kuzifungua.

Tuhamie Zotero. Ni programu ya bure ya kutunza makala na kuandaa marejeo. Sakinisha programu yenyewe pamoja na kiungo chake cha kivinjari (Zotero Connector). Ukiwa kwenye ukurasa wa makala, bonyeza alama ya Zotero juu ya kivinjari: jina la makala, waandishi, jarida, mwaka, na PDF ikipatikana, vyote vinaingia.

Kama tayari una PDF, iburute hadi ndani ya Zotero, nayo itajaribu kuitambua. PDF iliyoskaniwa mara nyingi haitambuliki kwa sababu ni picha tu, haina maandishi ya kusomeka. Hapo nakili DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, bonyeza alama ya kifimbo juu, ibandike. Kagua majina ya waandishi papo hapo. Kosa likipita sasa utalikuta kwenye marejeo ya tasnifu yako.

Kuhusu mikusanyiko, yaani mafolda ya ndani ya Zotero: makala moja inaweza kukaa kwenye mikusanyiko mitatu bila kunakiliwa. Kwa hiyo panga kwa sura za kazi yako, na hali ya usomaji iweke kwa lebo: "kusoma", "nimesoma".

Sasa kazi yenyewe. Soma muhtasari, majedwali na hitimisho. Makala isiyokuhusu, itoe leo leo. Inayokuhusu, isome yote huku ukipaka rangi ndani ya Zotero, kisha bofya kulia na utengeneze dokezo kutokana na ulichopaka. Juu ya dokezo hilo andika mistari minne kwa maneno yako: waliuliza nini, walipima wapi na kwa sampuli ngapi, walipata nini, udhaifu uko wapi. Rangi peke yake haitakusaidia. Utakaporudi utakuta aya nzima ya njano, usijue uliipaka rangi kwa sababu gani.

Ukiona utepe mwekundu juu ya makala, maana yake imebatilishwa. Usiitegemee kama ushahidi.

Makala iliyoingia mara mbili iunganishe, usifute nakala moja. Ukifuta ile uliyokwisha kuinukuu kwenye Word, nukuu hiyo inapoteza uhusiano na maktaba yako.

Mwisho, hifadhi. Nafasi ya bure ya faili mtandaoni ni MB 300. Ikijaa, taarifa za makala zitaendelea kusawazishwa ila PDF hazitapanda. Usiihamishie folda ya Zotero kwenye Google Drive au Dropbox ili kukwepa hilo: hifadhidata inaweza kuharibika. Inakili kwenye diski ya nje kila wiki, na uifunge Zotero kwanza kabla ya kunakili.